Chicharrón hakustahili kufutika

Hebu tuambiane ukweli: ulilia. Kama uliitazama Coco, iwe ni kwenye laptopu ya mwenzako hosteli au kwa simu matatu ikiwa imekwama Thika Road, kuna dakika ulisingizia vumbi. Wengi wakiulizwa hutaja mwisho wa filamu, pale Miguel anapomwimbia mama ya nyanya yake na yule bikizee anaanza kuitikia. Sawa. Mimi yangu iko katikati, na imenikwama kooni tangu 2017.

Ni pale Héctor anapompeleka Miguel kwa mzee mmoja aitwaye Chicharrón. Wako Nchi ya Wafu. Mzee amejilaza kibandani, kando ya maji, nguvu zimemwishia. Wamekuja kuomba gitaa lake. Anataka aimbiwe kwanza. Héctor anaimba, mzee anatabasamu, halafu mifupa yake inaanza kung'aa na anapukutika kuwa vumbi la dhahabu. Miguel anauliza kumetokea nini. Anaelezwa kwamba huko duniani hakuna tena aliye hai anayemkumbuka mzee huyo, kwa hivyo amekwisha, na hakuna ajuaye wanakoenda wa aina yake. Wanachukua gitaa. Safari inaendelea.

Na filamu haimrudii tena. Héctor anaokolewa, familia ya Rivera inaunganishwa, wimbo unapigwa, unafuta machozi, unafunga laptopu. Chicharrón alikufa mara ya pili ili sisi tuelewe kanuni za mchezo, basi.

Nataka tuizungumzie kanuni hiyo, kwa sababu vijana wengi ninaowajua wanaamini ndivyo watu wa Mexico wanavyoamini: ati maiti bila picha mezani hapati ruhusa ya kuvuka, na asiyekumbukwa anafutika. Wamejifunza sikukuu ya watu kutoka kwa katuni, na katuni imewafunza vizuri kila kitu isipokuwa hilo.

Tuanze na yaliyo sawa, maana ni mengi na si haki kuyaruka. Día de Muertos, Siku ya Wafu, huadhimishwa kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Novemba 2. Desturi iliyoenea ni kwamba Novemba 1 ni ya watoto waliofariki na Novemba 2 ni ya watu wazima. Ni mchanganyiko wa mila za watu waliokuwa Mexico kabla ya Wahispania na kalenda ya Kanisa Katoliki, na mwaka 2008 UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake ya urithi wa binadamu usioshikika. Nyumbani huandaliwa ofrenda, yaani meza ya kuwapokea marehemu: mishumaa, ubani wa copal, mkate, chakula alichokipenda mhusika, chumvi, glasi ya maji kwa sababu anayetoka mbali huja na kiu. Maua ya cempasúchil, yale ya rangi ya machungwa yenye harufu kali, hupukutishwa petali zikapangwa kama njia kutoka mlangoni hadi mezani. Pixar waliikuza njia hiyo ikawa daraja zima linalowaka. Ukiniuliza, hiyo ndiyo picha nzuri kuliko zote walizowahi kuchora.

Walikwenda Mexico mara kadhaa kabla ya kuandaa filamu, na inaonekana. Angalia ua wa akina Rivera, familia nzima ikishona viatu pamoja, nyanya mwenye mamlaka ya mwisho na kiatu mkononi. Angalia mbwa Dante, yule asiye na manyoya. Ni xoloitzcuintli, na katika imani za kale za huko mbwa ndiye aliyemvusha marehemu safarini. Wakosoaji wanaweza kulalamika kuhusu wale wanyama wa rangirangi wanaoruka. Hao ni alebrije, sanaa iliyoanzishwa miaka ya 1930 na fundi Pedro Linares wa Mexico City, na haikuwa na uhusiano na sikukuu hii. Lakini wanapendeza, tuwasamehe.

Uangalifu huo wote haukutoka hewani. Mwaka 2013, filamu ikiwa bado jikoni, Disney iliwasilisha maombi Marekani ya kusajili maneno "Día de los Muertos" kama alama yake ya biashara. Yaani sikukuu ya watu iwe jina la kuuzia vibanzi na midoli. Watu walichemka, na mchoraji vibonzo Lalo Alcaraz akachora panya mkubwa wa mifupa akitisha jiji. Disney iliondoa maombi hayo, na baadaye Alcaraz huyohuyo akaajiriwa kuwa mmoja wa washauri wa filamu. Kabla hujasema hayo ni mambo ya Wamexico, kumbuka kampuni hiyohiyo ilisajili "Hakuna Matata" Marekani kwa ajili ya fulana. Iliomba mwaka 1994, ikapata 2003, na wengi wetu tulikuja kushtuka 2018 pale maombi ya kuipinga yalipoanza kusambaa mtandaoni. Wenzetu walipiga kelele mapema wakasikizwa. Sisi tulikuwa tunaimba pamoja na Pumbaa.

Sasa turudi kwa Chicharrón.

Katika Coco, marehemu anayetaka kuvuka anapanga foleni mbele ya dawati kama la uhamiaji. Mashine inamkagua uso: je, kuna mtu ameweka picha yako kwenye ofrenda? Kama ipo, karibu, usisahau kurudi kabla ya alfajiri. Kama haipo, rudi ulikotoka. Héctor anajaribu kupita akiwa amejivika kama Frida Kahlo na anakamatwa. Tunacheka. Mtu yeyote aliyewahi kupanga foleni ya viza kwenye ubalozi wowote pale Nairobi anacheka kwa uchungu kidogo.

Lakini fikiria. Hiyo meza ina umri gani, na kamera ina umri gani? Picha kwenye ofrenda ni mgeni. Watu waliwakaribisha wafu wao kwa vizazi na vizazi kabla hajazaliwa mtu wa kupiga picha. Marehemu hufuata harufu ya maua na moshi wa ubani, hufuata mwanga wa mshumaa, huja kwa sababu kuna chakula na ameitwa. Picha iliingia baadaye kama pambo la upendo, na ni pambo zuri. Walioifanya pasipoti ni waandishi wa filamu, kwa sababu hadithi ilihitaji kizuizi, na picha iliyochanwa ni kizuizi kinachoonekana kwenye skrini.

Na hapa ndipo ninapokasirika. Katika nyumba nyingi za Mexico, mtu akishamaliza kupanga mishumaa ya baba, ya shangazi, ya mtoto aliyekwenda mapema, huongeza mmoja. Mshumaa, au glasi ya maji, kwa ajili ya ánima sola, roho iliyo pweke. Yule ambaye jamaa zake wote wameisha. Yule aliyefia njiani asijulikane ni wa nani. Akipita mtaani usiku huo asikute kila mlango una jina la mtu mwingine. Unaona? Sikukuu yenyewe ilishamfikiria Chicharrón. Ilimwekea maji. Ni filamu iliyomnyima.

Kuna filamu nyingine ya katuni iliyoitangulia, The Book of Life ya 2014, ya Jorge Gutiérrez, mwenyewe mzaliwa wa Mexico, na Guillermo del Toro akiwa mtayarishaji. Haikuvuma kama Coco wala haikushinda Oscar mbili. Wahusika wake wamechongwa kama wanasesere wa mbao, na inakimbia kama mtoto aliyelishwa sukari. Humo wafu wana nchi mbili. Wanaokumbukwa wanakaa kwa La Muerte, malkia aliyevishwa kofia kubwa kama ile ya La Catrina, fuvu maarufu la José Guadalupe Posada, na kwao ni karamu bila kikomo. Waliosahauliwa wanatupwa kwa Xibalba, kwenye baridi na majivu. Jina hilo Xibalba ni la kuzimu ya Wamaya, limeazimwa tu likafanywa jina la mtu.

Kwa hivyo filamu mbili, studio mbili, waongozaji kutoka pande mbili za mpaka, na zote mbili zimefika palepale: kusahauliwa ni adhabu. Moja inakufuta, nyingine inakutupa mahali pabaya. Wala hakuna inayouliza kosa lako ni lipi. Ulikosa watoto? Watoto wako walikufa vitani? Hukuwa na hela ya kupigwa picha?

Hiyo ya mwisho inanigusa, ngoja nikwambie kwa nini. Babu yangu mzaa mama ana picha moja duniani, nayo ni ya kitambulisho. Alipofariki, mjomba alipeleka kitambulisho chake duka la picha, kikapigwa skani, uso ukakuzwa hadi ukawa na vitone, ukawekwa kwenye fremu juu ya jeneza. Mzee anaangalia mbele kama mshukiwa. Hakuwahi kupiga picha kwa hiari yake hata siku moja, serikali ndiyo iliyomtaka. Mama yake yeye hana hata hiyo. Nina jina lake tu, na nalijua kwa sababu dada yangu amepewa. Kwa kanuni ya Pixar, huyo mama alishindwa kwenye dawati zamani sana.

Tazama tena mtaa anakoishi Chicharrón. Ernesto de la Cruz, mwimbaji nyota, ana jumba juu ya mnara, na kila mwaka anaongezewa sadaka na mashabiki wasiomjua. Waliokaribia kusahauliwa wanakaa chini kabisa kwenye vibanda vya mbao, karibu na maji. Wanaitana binamu na mjomba ingawa si jamaa, kwa sababu hawana wengine. Ni mabanda, wasee. Wamechora mtaa wa mabanda ahera. Kipande hicho ni kizuri mno, kikali kuliko mstari wowote wa mazungumzo, na kwa dakika chache unadhani filamu itasema kitu: kwamba huko pia mwenye jina anarithi na asiye na jina analala chini. Kisha inageuka. Tatizo la Ernesto, kumbe, ni kwamba aliiba nyimbo za Héctor na kumuua. Mwizi anaanguka, mwenye haki anapewa nafasi yake, na ngazi yenyewe inabaki imesimama vilevile.

Na huyo Héctor, umewahi kumwangalia kwa jicho la leo? Mwanamume alitoka nyumbani akasema atarudi. Hakurudi. Mkewe alingoja, akachoka, akamkata kwenye picha, akakataza muziki. Kumbe aliuawa njiani na hakuna aliyepeleka habari. Huko Mexico sajili rasmi ya watu waliotoweka ilipita 100,000 mwaka 2022. Kwa mama mwenye mtoto kwenye orodha hiyo, Novemba ni mtihani: kuweka picha ya mwanao kwenye ofrenda ni kukubali kwamba amekufa, na wako wanaokataa katakata. Mwambie mama huyo kwamba mtoto bila picha mezani anafutika. Sidhani waandishi wa Coco walimfikiria. Sidhani pia walikusudia ubaya. Ila hadithi nzuri ikishaeneza kanuni, kanuni inatembea peke yake.

Nasikia ukisema: buda, ni katuni. Tulia.

Ningetulia, kama filamu hazingekuwa na tabia ya kurudi na kuibadilisha sikukuu yenyewe. Mwaka 2015 James Bond alifungua filamu ya Spectre akipita katikati ya gwaride kubwa la mafuvu Mexico City. Gwaride hilo halikuwepo. Lilibuniwa kwa ajili ya kamera. Watalii wakaanza kulitarajia, na 2016 jiji likaandaa la kweli, na limekuwa likifanyika tangu hapo. Siwalaumu, watu wanahitaji kazi na gwaride linapendeza. Na hapa kwetu je? Halloween ikifika, nusu ya waliopakwa rangi usoni kule Westlands wana fuvu la Catrina na ua sikioni, na ukiwauliza watakwambia "ni ile ya Coco." Basi ndiyo maana naihoji. Kwa watu wengi wa rika letu, hiyo filamu ndiyo chanzo pekee.

Tena hatukuihitaji kutufundisha hili jambo. John Mbiti, Mkamba wa Kitui, aliliandika mwaka 1969 katika kitabu chake kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, na alitumia maneno mawili ya Kiswahili kulieleza: Sasa na Zamani. Alisema mtu akifa hatoki mara moja. Anabaki ndani ya Sasa maadamu yuko aliye hai anayemkumbuka kwa jina, aliyewahi kumjua. Hao aliwaita wafu walio hai. Wanamwagiwa kinywaji, wanatengewa chakula, wanatajwa. Siku anapokufa mtu wa mwisho aliyemjua, mwendo wa kufa kwake ndipo unapokamilika.

Soma hapo tena. Ni kifo cha pili cha Coco, neno kwa neno karibu, miaka 48 kabla, kimeandikwa na Mkenya kwa maneno ya lugha unayoisoma sasa hivi.

Wako wasomi waliobishana na Mbiti, hasa kuhusu wakati na kama kweli unaweza kuziweka jamii zote za Afrika kwenye kapu moja. Wana hoja. Lakini angalia anachofanya kwa mtu wake wa mwisho. Hamfuti. Aliyesahauliwa anaingia Zamani, anakuwa mmoja wa umati wa roho ambao hauna majina tena. Amepoteza jina, hajapoteza kuwepo. Zamani kwa Mbiti si shimo, ni bahari ambayo siku zote za Sasa huishia humo. Chicharrón angekuwa na mahali pa kwenda, na Héctor angeweza kumwambia Miguel ni wapi.

Najua ninamlilia mzee wa kompyuta. Ila pitia magazetini, utayaona yale matangazo ya kaunti ya Nairobi kuhusu miili iliyolala mochari bila wenyewe, jamaa wakiombwa waje kuitambua kabla haijazikwa kwa pamoja. Mingine ina majina, na mingine imeandikwa tu mwanamume, mwanamke, mtoto. Mimi nilikuwa nikiyapita haraka kwenda kwa matokeo ya EPL. Hao ndio Chicharrón wetu, na hawapo kwenye ukuta wa mtu yeyote, wala Instagram ya mtu yeyote, na wengine waliishi mtaa mmoja na wewe.

Nilimweleza mama haya yote Oktoba iliyopita, alipokuwa akijaza bahasha ya parokia. Wakatoliki mnaijua: Novemba nzima majina ya marehemu wenu yanakaa mbele ya altare. Ni Novemba 2 ileile, kalenda ileile waliyopelekewa watu wa Mexico na Wahispania, nasi tukaletewa na wamisionari. Mama hajaitazama Coco. Alinisikiza huku anaandika, babu, mama yake babu, shangazi wawili, jirani yetu wa zamani wa Umoja, hadi karatasi ikajaa. Nilipofika kwenye ánima sola aliguna tu, akaigeuza karatasi nione. Chini kabisa, kwa mwandiko mdogo wa kubana nafasi, alikuwa ameshaandika: na wote wasio na wa kuwaombea.

Nikamuuliza ameanza lini kuandika hivyo. Akasema mama yake alikuwa akiandika.